Nyongeza ya Kitu Nisichokuwa Nacho

Mama alitulea watoto sita kwa sheria moja ya mezani: ukila, usisikike. Aliyenywa chai kwa kufyonza alikwenda kuimalizia uani, na kuku. Mpaka nafika Fukuoka, Japani, kwa mafunzo ya wiki tatu, nilikuwa mtu mzima wa miaka 41 anayekula kimya kama mwizi.

Rameni niliijua ile ya dukani, tambi za pakiti alizobuni Momofuku Ando mwaka 1958 katika kibanda nyuma ya nyumba yake, ambazo zimelisha makapera wa Sinza kuliko mama ntilie yeyote. Wenzangu wa mafunzo wakacheka. Rameni ya huku ni ya Hakata, wakasema. Supu yake ni mifupa ya nguruwe, inachemka saa na masaa hadi inakuwa nyeupe kama tui la kwanza. Kwa Kiswahili cha Dar, supu ya kitimoto. Sikuhitaji kubembelezwa.

Mgahawa wenyewe ulikuwa na upana wa korido: kaunta moja, viti tisa, na wapishi mbele ya macho yako. Nilipofungua mlango walipaza sauti wote kwa pamoja, nikadhani nimeingia jikoni kwa watu. Kumbe wananikaribisha. Nami mtoto wa Tanga siwezi kukaribishwa nikanyamaza, nikaitikia "Starehe!" kwa sauti ileile. Wateja wakageuka. Huko mteja haitikii.

Mpishi akaninyooshea kidole mashine iliyosimama mlangoni. Unatia hela, unabonyeza kitufe, inatema tiketi, tiketi unampa yeye. Vitufe kama thelathini, picha hakuna, maandishi yote Kijapani. Nyuma yangu wakapanga foleni mabwana watatu wa ofisini, kimya, kila mmoja akitazama viatu vyake; adabu ya namna hiyo inamharakisha mtu kuliko honi ya daladala. Nikasoma nilichoweza kusoma, yaani bei. Vitufe vingi vilikuwa vya yeni 800, 900. Kimoja 130. Mtu aliyezoea kusaka nafuu Kariakoo hakioni kitu cha 130 akakipita.

Mpishi alipokea tiketi yangu, akaitazama, akanitazama, akachungulia kaunta mbele yangu kana kwamba kuna kitu nimekificha. Kisha akauliza, na kisu cha kukatia vitunguu mkononi:

"Kata?"

Nikajibu kwa neno pekee la Kijapani nililokuwa nalo: "Hai." Maana yake ndiyo, ingawa wakati ule nililitumia zaidi kwa maana yetu sisi.

Baadaye nilielezwa kwamba kata ni tambi ngumu, zisizoiva sana. Na nilichonunua kinaitwa kaedama. Tambi za Hakata ni nyembamba, zikikaa kwenye supu zinalegea. Ndiyo maana unapewa kiasi, ukimaliza unaongezwa nyingine uzitumbukize kwenye supu iliyobaki. Husemwa desturi hiyo ilianzia kwa watu wa soko la samaki la Nagahama, wenye haraka zao, na nina hakika wachuuzi wa Feri wangeielewa bila mkalimani. Mimi nilikuwa nimenunua nyongeza ya kitu nisichokuwa nacho.

Zikaja: kibakuli cha tambi tupu, ngumu, zinatoa mvuke. Nikajipa moyo kwamba hata ugali hutangulia, mboga ikafuata. Nikasubiri mboga. Mpishi naye akasubiri, sijui nini.

Jirani yangu, bwana wa tai na miwani, ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alinishika kiwiko akanirudisha kwenye mashine kama mzee anayevushwa barabara, akanionyesha kitufe cha juu kabisa kushoto. Mikahawa mingi huweka hapo chakula inachojivunia. Yeni 850.

Bakuli lilipotua mbele yangu nilisahau aibu. Vitone vya mafuta viking'aa juu ya supu, vipande viwili vya kitimoto laini vinavyokatika kwa kuguswa na kijiti, uyoga mweusi, ufuta. Kisha ndipo nikasikia. Kaunta nzima ilikuwa ikivuta tambi kwa mlio wa bomba maji yanaporudi baada ya mgao! Kwao ndiyo haki yake: hewa inapoza tambi na kuipandisha harufu puani. Mimi nikala kwa malezi yangu, naumauma kipande kipande, ulimi unaungua, midomo imefungwa. Mpishi akanitazama kwa huzuni ya mtu aliyefiwa na supu.

Bwana wa miwani akanionyesha: unavuta, husimami. Nikafumba macho, nikamwomba mama radhi, nikavuta. Ncha ya tambi ilipaa kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi, ikampiga supu kwenye kioo cha kulia. Nikainama kuomba radhi. Naye akainama, nadhani kuomba radhi kwa kuweka miwani njiani. Mpishi akainama. Nikainama tena.

Nilirudi pale jioni nane. "Kata?" "Kata."

Mwezi uliofuata nilikuwa Tanga, Jumapili, mezani kwa mama, mbele ya supu ya kongoro. Sikukusudia. Mdomo ulivuta wenyewe. Wajukuu wakaacha vijiko hewani. Mama hakusema neno. Alilinyanyua bakuli langu, akatoka nalo uani, akaliweka chini ya mwembe, na kigoda kando yake. Kuku wakasogea kunipisha.