Madaktari Ni Wengi, Mapaja Ni Yangu

Safu hii nilianza kuiandika nikiwa nimesimama. Si kwa heshima yako, msomaji. Nikikaa, kuinuka kulikuwa shughuli ya watu wawili, na mama watoto alikuwa keshachoka kuitwa.

Chanzo ni jogging. Jumapili alfajiri nilijiunga na vijana wa mtaa, huku kwetu Kimara kwenye vilima. Kupanda nilikuwa wa mwisho, nahema kama mgonjwa wa pumu. Lakini mteremko ulipofika, loo! Nikawapita wote, nikipiga miguu chini pwaa pwaa, tumbo linatangulia na mimi nafuata. Siku nzima nikatamba nyumbani kwamba ujana haujaniacha.

Jumatatu nikaamka mapaja yamekaza. Jumanne ndiyo sitaisahau. Ngazi za ofisini nilishuka kinyumenyume, nimekumbatia chuma. Na choo chetu ni cha kuchuchumaa. Naishia hapo, wenye akili wamenielewa.

Tatizo la nchi hii ni kwamba ukichechemea tu, kila mtu ni daktari. Jirani, Baba Neema, akatoa hukumu akiwa ng'ambo ya uzio: "Hiyo ni asidi imeganda kwenye misuli. Meza diklopa." Dada wa duka la dawa hakuuliza kama nina vidonda vya tumbo, presha wala figo. Alihesabu vidonge, akavitia kwenye kibahasha, akasema: "Kimoja kutwa mara tatu, baba. Ila anza na viwili vikushtue." Nikaanza na viwili, bila kula. Jioni nikaongezea ibuprofeni niliyoikuta kwenye mkoba wa mama watoto. Usiku kifua kikawaka kama jiko la mkaa. Sasa nikawa naumwa juu na chini, katikati tu ndiyo salama.

Nikampigia mpwa wangu anayesomea ufamasia, nikamsimulia yote.

"Shikamoo mjomba. Asidi ipi tena? Ile huondoka ndani ya saa moja hivi ukishapumzika. Hayo ni majeraha madogomadogo kwenye nyuzi za misuli, na huuma zaidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Yanaletwa hasa na mteremko, maana misuli inakaza huku inavutwa."

Mteremko! Pale pale nilipojiona bingwa.

Akanieleza kwamba diklofenaki, iliyomo kwenye diklopa, na ibuprofeni ni ndugu wa tumbo moja. Kuvimeza vyote ni kumlipa fundi mmoja mara mbili ili akubomolee nyumba. Dawa hizi huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea uvimbe na maumivu. Siri hiyo aliifichua Mwingereza John Vane mwaka 1971 alipoichunguza aspirini, na mwaka 1982 akapata Tuzo ya Nobel. Kumbe prostaglandini hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike kwenye figo. Ndiyo maana kifua kiliwaka, na ndiyo maana aliyekimbia juani hadi akakaukiwa maji akimeza dawa hizi anazitia figo zake majaribuni.

Kisha akanimaliza kabisa. Uvimbe ule ni sehemu ya ukarabati wa misuli. Mwaka 2017 watafiti wa Karolinska, Sweden, walitangaza matokeo ya vijana waliofanya mazoezi ya mapaja kwa wiki 8. Waliomeza miligramu 1,200 za ibuprofeni kila siku, misuli yao ilikua karibu nusu tu ya ile ya wenzao waliopewa aspirini kidogo.

"Lakini hao ni vijana, mjomba. Kwa wazee, utafiti mwingine ulikuta tofauti, dawa haikuwazuia kujenga misuli."

Nikamuuliza mimi niko kundi gani. Akaanza kuniuliza hali ya shangazi.

Vidonge nikaviacha. Nikatembea polepole jioni, nikala ugali na maharage, nikalala mapema. Kufikia Ijumaa nilikuwa nachuchumaa kama raia wengine. Mpwa wangu anasema misuli ikishaonja mteremko mara moja, safari ya pili huuma kidogo. Hilo nimelipenda, kwa sababu halina bei dukani.

Kwa hiyo, dada wa duka la dawa, kabla hujafungua kopo niulize kwanza tumbo langu likoje, na kama kuna kidonge kingine nimeshameza. Baba Neema, ukiniona nachechemea, nipe pole tu, inatosha. Nanyi vijana wa jogging, Jumapili nipo. Kupanda nitakuwa wa mwisho kama kawaida. Na kushuka pia.