Kisanduku Kisichokataa Neno

Mnazi umesifiwa, ngalawa imesifiwa, hata muhogo umepata watetezi. Lakini sijasikia mtu akisimama kukisifu kisanduku cha maandishi kwenye rejista ya mali. Nasema kile ambacho mtaalamu wa mfumo, siku ya kupanga kila taarifa ya mali iwe data ya aina gani, alikifikia saa saba mchana akiwa na njaa, akakichagulia "Maandishi", akaenda kula. Leo nasimama mimi.

Rejista humuuliza mtunza stoo maswali yale yale kuhusu kila kitu, kuanzia jenereta hadi kiti cha mapokezi: kilinunuliwa lini, kwa bei gani, kipo wapi, kinafanya kazi? Kila swali lazima lipangiwe aina ya jibu: namba, tarehe, ndiyo au hapana, orodha ya kuchagua, au maandishi. Nne za mwanzo ni za ukoo mkubwa, na zina masharti ya wakwe. Ya tano haina ukoo. Ukiiletea chochote inapokea, ukiiletea nukta tupu inapokea pia, na nyota nyekundu ya "lazima kujaza" inaridhika kabisa na nukta hiyo.

Chukua tarehe. Hati ya kupokelea mali imeliwa na mchwa, aliyeisaini kastaafu, na kisanduku cha tarehe kinadai siku, mwezi na mwaka bila huruma. Mtunza stoo ana foleni mlangoni. Anaandika 01/01/1900, kisanduku kinashukuru, kazi inaendelea. Hivyo ndivyo taasisi inavyojikuta inamiliki laptopu iliyonunuliwa kabla ya Vita vya Maji Maji, imekatwa uchakavu kwa zaidi ya miaka mia, na thamani yake vitabuni ni sifuri ingawa katibu muhtasi anaitumia sasa hivi. Kisanduku cha maandishi kingeandikwa: "Mwaka ule tulipohamia jengo jipya, kabla ya Ramadhani." Uchakavu haukokotoleki hapo, nakiri. Lakini ni kweli tupu, na ofisi nzima inaukumbuka mwaka huo.

Tena tarehe zina kiburi. Andika 03/04/2019 Dodoma, ni tarehe 3 Aprili. Ifungue kwenye kompyuta iliyopangwa Kimarekani, imekuwa tarehe 4 Machi, na dhamana ya mashine imekwisha mapema bila mtu kuigusa. Wanasayansi wa jeni waliteswa na jambo hili hadi wakasalimu amri. Jeni iliyoitwa MARCH1 ikiingizwa kwenye Excel iligeuka kuwa siku ya kwanza ya Machi, na SEPT1 ikawa ya Septemba. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza mwongozo mpya: sasa zinaitwa MARCHF1 na SEPTIN1. Yaani binadamu ameona ni nafuu kubadili majina ya vitu vilivyo ndani ya mwili wake kuliko kubishana na jedwali. Kisanduku kilichopangwa kuwa maandishi kingeiacha MARCH1 kama ilivyokuja.

Namba je? Namba huila sifuri ya mwanzo, kwa hiyo simu ya muuzaji inayoanza na 07 inabaki na 7 peke yake. Namba ya kiwanda ikizidi tarakimu 15, Excel inazigeuza zinazozidi kuwa sifuri, na mashine mbili zilizotofautiana kwa tarakimu ya mwisho zinakuwa moja. Na kama bado unaiamini namba, uliza habari za Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996 roketi hiyo iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Programu yake ikajaribu kuitia namba ya biti 64 kwenye nafasi ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32,767. Haikuenea. Roketi iliteketea kabla dakika moja haijatimia. Maandishi hayajawahi kuangusha roketi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyakabidhi roketi.

Uzuri halisi wa maandishi utauona kwenye bei. Mmoja ameandika "12,500,000/=", na alama yake ya shilingi kwa heshima zote. Mwenzake "milioni 12 na nusu". Wa tatu "dola 5,400 kwa bei ya siku ile". Mhasibu akiomba jumla, mfumo unamjibu sifuri. Atafoka, lakini afikiri kidogo: mali isiyojumlishika haiwezi kuonekana imepungua. Ukiipanga safu hiyo kwa ukubwa, 9 inakaa juu ya 1000, maana herufi hulinganishwa moja moja kuanzia mwanzo na hapo 9 huishinda 1. Ni mahali gani pengine mnyonge amepata haki kama hiyo?

Maandishi pia hutajirisha. Gari moja limesajiliwa na watu tofauti kila mwaka: "Land Cruiser", "Landcruiser", "L/Cruiser", "Landkruza", na mwaka mmoja likaandikwa "gari la mkurugenzi". Kwenye ripoti ni magari matano. Uani kuna moja, na tairi zake mbili ziko kwa fundi. Tofauti hiyo imewalisha wengi: mkaguzi anapata hoja, kijana wa kusafisha data anapata mkataba, mshauri mwelekezi anapata warsha yenye chai na sambusa.

Ndiyo au hapana nitaipita haraka, maana haijui maisha. "Jenereta inafanya kazi?" Ukijibu ndiyo umedanganya, ukijibu hapana umedanganya. Kwenye maandishi utasoma: "Inawaka, ila mtu ashike waya wa betri." Hapo fundi anajua aanzie wapi. Orodha ya kuchagua nayo huishia na "Nyinginezo", ambayo ni maandishi yaliyoona haya kujitaja.

Wapinzani wanasema aina zichaguliwe kwa ukali tangu siku ya kwanza, kwa sababu data ikishajaa, kuibadili ni kazi. Ni kweli. Amuru safu ya bei igeuke namba, na hifadhidata itakataa ikikutana na "haijulikani" ya kwanza. Wao huita hiyo kasoro. Mimi naona msimamo: safu nzima imegoma ili neno moja la ukweli lisifutwe.

Wameshindwa kukiondoa, sasa wanakibana. Wanakipa kisanduku ukomo wa herufi, na pengine ukomo wenyewe ni 50, tena bila kumwonya anayeandika. Mtunza stoo ameeleza yote kwa uaminifu, amebonyeza "Hifadhi", amerudi kwenye foleni yake. Mkaguzi anafungua rejista na kusoma: "Gari lipo gereji, ni zima, linapendeza, isipokuwa".