Barua kwa Mjomba: Gari Lisilokunywa Mafuta

Minneapolis, Minnesota
Februari

Mjomba, shikamoo.

Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, ila baridi ndiyo yenye mambo. Nia na madhumuni ya barua hii ni kuzima uvumi kabla haujafika Kilosa. Ndugu wananipigia simu kunipongeza kwa kununua gari lisilokunywa mafuta. Nikiwauliza wamezipata wapi habari hizo, wananitajia kijiwe chako pale Msamvu, na kwamba wewe mwenyewe ndiye uliyezithibitisha, maana ulikuwa dereva wa malori na hudanganyiki.

Mjomba, linakunywa. Linakunywa petroli ileile wanayokunywa wenzake, kutoka sheli zilezile, na mlipaji ni mimi.

Linaitwa haibridi. Lina injini ya petroli, lina mota ya umeme, na lina betri iliyojificha chini ya kiti cha nyuma. Halichomekwi ukutani. Yapo ya kuchomeka, hili langu halimo, kwa hiyo mwambie Mama mdogo aache kuwauliza watu bili yangu ya umeme. Umeme wote uliomo ndani yake ulianza safari ukiwa petroli. Ujanja wa gari hili ni kuokota kile ambacho magari mengine yanakitupa njiani. Unakumbuka ulivyokuwa ukishuka Kitonga na mzigo, breki zinanuka mpaka utingo anaziba pua? Lile joto lote ilikuwa dizeli yako, uliyoichoma kwa kupandia, ukaja kuiteketeza kwenye ngoma za breki kwa kushukia. Hili ukigusa breki, mota inageuka jenereta, magurudumu yanaizungusha, umeme unarudi kwenye betri. Taa zikiwaka kijani unaondoka kwa umeme huohuo, injini imezima, kimya. Siku ya kwanza nilimpakia jirani, babu mmoja wa Kikongo, tukasimama kwenye taa, akaona kimya kimezidi. Akafungua mlango ashuke kusukuma.

Na ile hila yako ya kuweka nyutro mteremkoni, iliyokugombanisha na matrafiki wa mikoa mitatu na Mungu akakusitiri, humu haina kazi. Ukiweka nyutro betri haichaji tena. Unashuka mlima mzima bila kuokota senti.

Sasa swali lako la kwenye simu: linakula lita ngapi? Ungeniuliza habari za Noah yako ningekujibu kabla hujamaliza kuuliza. Kwa haibridi lazima kwanza nijue unauliza mwezi gani, barabara ipi, na nani amekaa kiti cha mbele anayetaka joto.

Gari jipya huku linauzwa likiwa na karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha dirisha. Ni sheria ya mwaka 1958: muuzaji haruhusiwi kuibandua, ni mnunuzi tu. Pamoja na bei na makorokoro mengine, siku hizi karatasi inataja ulaji wa mafuta. Yangu ilisema maili 50 kwa galoni. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, basi nimekupigia hesabu: kama kilomita 21 kwa lita. Najua hapo umeshaita watu waje wasikie. Subiri.

Hizo maili 50 hakuzipata mtu yeyote unayeweza kumsalimia. Zimepatikana maabara. Serikali ina ya kwake kule Ann Arbor, Michigan, na watengenezaji nao wana za kwao, zinazofuata utaratibu uleule. Gari linapandishwa juu ya magurudumu ya chuma, linazungusha matairi papo hapo bila kwenda popote. Dereva anafuata mstari kwenye skrini: ongeza, punguza, simama. Hakuna bodaboda, hakuna mbuzi, hakuna mkwe aliyekaa nyuma akisema punguza mwendo. Kwenye jaribio la zamani la barabara kuu, mwendo wa wastani ulikuwa kama kilomita 78 kwa saa, na wa juu kabisa haukufika 100. Huku, Mjomba, ukienda kilomita 78 kwenye barabara kuu unapitwa na mabibi wa miaka themanini, na wanakutazama vibaya.

Malalamiko yalizidi mpaka hesabu zikabadilishwa, kuanzia magari ya mwaka 2008. Wakaongeza jaribio la mwendo mkali, la kiyoyozi kwenye joto, na la baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Haibridi moja, Prius ya mwaka 2004, iliyokuwa imebandikwa maili 60 mjini na 51 barabara kuu, kwa hesabu mpya ikashuka hadi 48 na 45. Gari ni lilelile, hakuna aliyelegeza hata nati. Umeona lakini jambo moja? Mjini inakula kidogo kuliko barabara kuu. Kwa gari ulilozoea wewe hiyo ni kinyume, ungesema mpimaji amelewa. Kwa haibridi ndiyo kawaida, kwa sababu mjini ndiko kwenye breki, na breki ndiyo riziki yake.

Tatizo ni hizo nyuzi 7 chini ya sifuri. Kwa mtu wa Minnesota hiyo ni siku ya kuvaa sweta moja na kufungua zipu ya koti. Januari hii tumeamkia 25 chini ya sifuri, na hapo ndipo haibridi inapoonyesha tabia usizozijua.

Nikueleze. Injini za haibridi zimeundwa zisipoteze joto ovyo. Petroli inayogeuka mwendo ni nyingi kuliko kwenye injini ya kawaida. Sifa nzuri sana, mpaka siku unapolihitaji hilo joto kwa ajili ya miguu. Hita ya gari langu inachota joto kwenye maji ya injini. Basi nimesimama kwenye taa, betri imejaa, hakuna sababu yoyote ya injini kuwaka, nayo inawaka, kazi yake ni kumpashia mama watoto vidole. Betri nayo ikiwa ya baridi haipokei chaji kwa moyo mkunjufu. Upepo wa matairi unapungua wenyewe kila baridi inapoongezeka. Theluji inashika magurudumu. Hata petroli yenyewe ya majira haya wanaichanganya kivingine ili iwake kirahisi, na nguvu yake inapungua kidogo. Serikali haijaficha: inasema kwenye safari fupi za mjini, baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri inalipunguzia gari la kawaida kama asilimia 15, na haibridi asilimia 30 hadi 34. Asilimia 30 ya maili 50, Mjomba, unabaki na 35. Kilomita 15 kwa lita. Noah yako haifiki hapo, najua, lakini Noah yako haikukuahidi kitu.

Halafu kuna watu wanaowasha gari kwa rimoti asubuhi, wao wako ndani wanakunywa chai, ili walikute lina joto. Muda wote huo gari linakwenda kilomita sifuri kwa lita. Majirani zangu wa Kiswahili wanafanya hivyo kila siku, halafu jioni wanalaumu Wajapani.

Maana sisi wenye haibridi tumekuwa dhehebu. Zamani kwenye kipaimara au harusi za Waswahili wa huku wanaume walikaa kona moja wakabishana Simba na Yanga. Siku hizi kona hiyo ni ya maili kwa galoni. Dashibodi ina mchoro wa mishale, unaonyesha nguvu ikitoka injini kwenda magurudumu, ikirudi kwenye betri, na mwisho wa safari inakupa alama kama mwanafunzi. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, anatembeza simu aliyopigia picha dashibodi yake: 58! Wenzake wanaipokea kwa heshima, wanaivuta kwa vidole ikue. Halafu anatokea mmoja mwenye roho mbaya anauliza, hiyo ni ya Julai?

Bingwa wetu ni kijana wa Bukavu anayebeba abiria wa kuitwa kwa programu ya simu. Amegundua kwamba kiti chenye waya wa joto kinatumia nguvu kidogo kuliko kupasha hewa ya gari zima, basi anazima hita, anawasha kiti chake tu. Kiti chake, Mjomba, cha mbele. Abiria wa nyuma anasafiri anajionea pumzi yake mwenyewe. Kijana anapata maili 47 katikati ya Januari, na nyota anazopewa na abiria zinashuka pamoja na kipimajoto.

Anayetuudhi ni dada mmoja wa Kisii, muuguzi wa zamu za usiku. Hajui maili kwa galoni ni nini na hataki kujua. Anaendesha kwa hasira, hita mpaka mwisho, muziki juu. Majira ya baridi anatushinda karibu wote, isipokuwa huyo wa Bukavu. Wanaume walikaa kikao kulichunguza jambo hilo. Kumbe nyumbani na kazini analaza gari chini ya ardhi, kwenye maegesho yenye joto. Injini yake haijawahi kuonja baridi ya asubuhi. Walipomweleza siri ya ushindi wake, akasema, "Sawa," akaenda kujipakulia pilau.

Usiiamini dashibodi, lakini. Nayo inajipendelea. Mimi nina daftari: najaza tangi mpaka pampu ikate, naandika maili, safari inayofuata najaza tena mpaka ikate, nagawanya. Karibu kila mara daftari linatoa kidogo kuliko skrini. Wenzangu wananiita mshamba. Nikawaambia nina mjomba aliyepima dizeli ya Scania kwa kijiti, akakichomoa, akakinusa, akasema tunafika Makambako, na wakafika. Hawakuwa na jibu.

Barabara kuu sikuisahau. Kutoka hapa hadi Fargo, North Dakota, ni kama kilomita 380 za tambarare, na upepo wa huko haujawahi kuona mti. Watu wanakwenda 120 kwa saa. Hakuna breki, kwa hiyo hakuna cha kuokota. Mota inakaa pembeni inatazama injini ikifanya kazi ya kupasua hewa. Na hewa ina hesabu mbaya: ukiongeza mwendo maradufu, inakusukuma mara nne. Sasa kuna ndugu wanaofunga sanduku kubwa juu ya paa, linakaa huko mwaka mzima na ndani mna kapeti moja, halafu wananiuliza mbona wao wanapata 38. Sanduku la namna hiyo kwa mwendo wa barabara kuu linaweza kula robo ya mafuta yote. Nimeacha kujibu.

Lakini njoo Juni. Nyuzi 24, madirisha wazi, foleni ya jioni imefungamana pale katikati ya mji. Magari yote yananguruma yanachoma mafuta yakiwa yamesimama, langu limezima, linasogea hatua mbili kwa umeme, linazima. Daftari linasema 55, zaidi ya kilomita 23 kwa lita. Ndipo nilipoelewa kwamba gari hili lilipotea njia. Lilitakiwa kushukia Dar es Salaam. Joto la mwaka mzima, hita haina hata kazi, na Ubungo kwenda Kimara saa kumi na mbili jioni mwendo ni ule unaoujua. Mji ambao wenzetu wanaukimbia kwa ajili ya foleni ndio ungelinenepesha betri.

Kwa hiyo jibu la yule kijana wa Shangazi anayetaka kuagiza haibridi iliyotumika kutoka Japani afanyie teksi: wazo si baya. Ila mwambie kabla ya kutazama rangi na redio atazame betri, maana ndiyo yenye gharama. Pale pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu la hewa lenye feni, linaipoza betri. Kwenye magari mengi lina chujio. Vumbi la Morogoro likiliziba, au abiria akilirundikia mizigo, betri inapata joto, na joto ndilo linaloiua. Amtafute fundi anayelijua hilo tundu. Fundi akisema tundu ni la mapambo, aondoke na funguo zake.

Hesabu ya mwisho, najua ndiyo unayoisubiri. Mwaka mzima, baridi na joto, natoka na wastani wa maili 45. Ndugu yake wa petroli tupu, sura ileile, kwa uendeshaji huu angetoa 33 hivi. Kwa maili 12,000 kwa mwaka, galoni ikiwa karibu dola 3, naokoa kama dola 290. Tofauti ya bei tulipolinunua ilikuwa kama dola 1,500. Miaka mitano, basi, ndipo tutakuwa sawa. Hilo usilisome kijiweni.

Wasalimie wote, na yule mzee wa kahawa aliyesema huku hata magari ni wachawi.

Mpwa wako.

N.B. Kabla hujauliza: zile dola 290 za mwaka huu zimeshaliwa na matairi ya theluji, tena zikapelea.