Roketi ya Mkwe

Mdogo wangu aliporudi likizo kutoka Marekani, alishuka uwanja wa Songwe na masanduku mawili pamoja na boksi moja refu, jembamba. Masanduku yalikuwa ya ukoo mzima. Boksi lilikuwa langu. "Kaka," akaniambia tukiwa njiani kuelekea mjini Mbeya, "mimi bado nakumbuka zile ndege zako za mabua."

Ni kweli nilizitengeneza, nikiwa na miaka tisa. Sasa nina miaka 47, natunza vitabu vya hesabu, na watu pekee ninaowarusha siku hizi ni wanaonidai.

Ndani ya boksi mlikuwa na roketi ya kuunga mwenyewe: bomba la karatasi ngumu, pua ya plastiki, mapezi manne ya mbao nyepesi, pete za mbao, kamba ya mpira, parachuti la nailoni na karatasi ya maelekezo yenye michoro ya mikono misafi isiyotetemeka. Roketi hizi hupangwa kwa herufi za injini. A ndiyo mtoto. B ina nguvu maradufu ya A, C maradufu ya B, mpaka ufike E, F na G, ambazo ndizo za kati. Ukipiga hesabu, na hesabu ndiyo kazi yangu, G ni A mara 64. Mtu mwenye akili huanzia A. Mdogo wangu aliniletea ya F na G kwa sababu, alisema, zile ndogo ni za watoto na mimi ni kaka yake mkubwa. Heshima hiyo ndiyo iliyoniponza.

"Injini iko wapi?" nikauliza.

"Injini ni baruti, kaka. Ndege hairuhusu."

Yaani nimeletewa jiko la gesi bila mtungi. Nikawaza kwenda kuulizia kibali cha baruti, nikaijaribu sentensi yenyewe nikiwa peke yangu bafuni: "Afande, mimi ni mtunza hesabu, natafuta fataki." Wanaokumbuka yale matangazo ya redio ya Fataki, yule mtu mzima anayewinda wanafunzi wa kike, watanielewa. Mwanaume wa umri wangu haitamki sentensi hiyo mbele ya polisi. Nikaamua niiunge kwanza, injini Mungu atajua.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupachika kibomba cha injini. Unakivisha pete mbili za mbao, unapaka gundi ndani ya bomba kubwa, halafu unakisukuma kwa mkupuo mmoja mpaka sentimita chache kutoka mwisho. Maelekezo yaliandika kwa herufi nzito: usisimame katikati. Gundi ya mbao ndani ya bomba la karatasi ina tabia ya mwenye nyumba mwisho wa mwezi: ukisita tu, imekushika.

Nilikuwa nimefika katikati simu ilipoita. Mama mkwe, kutoka Kalenga, Iringa.

Kuna simu ambazo mtu anaweza kuziacha ziite. Ya mama mkwe si mojawapo. Na ukiipokea huwezi kusema, "Mama, nina gundi, nitakupigia." Kuna shikamoo, kuna kamwene, kuna watoto, kuna mvua za huko na za huku, kuna mbuzi aliyezaa na aliyekataa kuzaa. Simu nimeibana kwa bega, mkono mmoja ndani ya bomba, nikawa najibu na huku nasikia gundi ikikaza. Alipouliza mbona napumua kwa shida, nikasema ukweli, maana mama mkwe hadanganywi: natengeneza chombo cha kurusha angani, na nikija Krismasi nitakirusha kwake.

"Hicho kitu kikishapaa, kinashukaje?" akauliza. Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu roketi ile.

"Kwa parachuti, mama. Hilo ndilo linalonipa wasiwasi. Lazima liwe kubwa, na liwe laini. Likikakamaa halifunguki, na lisipofunguka kazi yote imeharibika."

Kimya kidogo. Mtandao ulikuwa unakatakata, kule bondeni ndivyo ulivyo.

"Hilo usihangaike kulinunua, mkwe," akasema. "Ninalo hapa nyumbani."

Nikashukuru, nikakata simu nikijiuliza mama mkwe amelipata wapi parachuti, kisha nikamsahau kwa sababu kibomba cha injini kilikuwa kimeganda katikati ya roketi kama mfupa kooni. Nilivuta. Nilisukuma kwa mpini wa ufagio. Mke wangu akaja kuvuta upande wa pili. Hakikutikisika, hadi leo kipo palepale.

Kwenye mapezi nikaacha gundi ya mbao, nikanunua supagluu, ile isiyosubiri. Kabla ya kubandika unatakiwa kuchora mistari iliyonyooka kwenye bomba, na maelekezo yalitoa ujanja mzuri: laza bomba kwenye pembe ya fremu ya mlango, upitishe penseli. Ujanja huu ulibuniwa nchi ambayo fremu za milango zimenyooka. Yangu ni ya nyumba ya kupanga, ya mbao iliyopigiliwa bado mbichi, nayo imejikunja taratibu mwaka hadi mwaka kama mzee anayesikiliza redio. Nilichora mistari minne kwa uangalifu mkubwa, yote minne imepinda sawasawa, na juu yake nikabandika mapezi manne, kidole kimoja, na kipande cha suruali. Kidole kilitoka kwa maji ya moto, sabuni na maneno ya mke wangu. Suruali haikutoka.

Ndiyo maana jioni ile nilikuwa nimejifunga kitenge chake kiunoni, na naomba hilo likumbukwe katika utetezi wangu.

Roketi lazima ijaribiwe kabla ya kuruka. Kitovu cha uzito wake kinatakiwa kiwe mbele ya pale upepo unapoisukumia, kwa sababu kikiwa nyuma itageuka hewani na kumfuata aliyeirusha. Jaribio ni jepesi: unaifunga uzi pale inapolala sawa bila kuinamia upande wowote, unaizungusha juu ya kichwa. Ikitangulia na pua, ni salama. Nikatoka uani, giza limeanza kuingia, nikaizungusha huku nahesabu mizunguko kwa sauti. Ilitangulia na pua, vizuri kabisa. Nilikuwa nimefika saba nilipogundua kwamba jirani yangu, mama mtu mzima wa kanisani, amesimama na ndoo yake ya maji, amemwona mwanaume aliyevaa kitenge anazungusha kitu chenye ncha gizani na kutaja namba.

Huku kwetu kila mtoto amekua na simulizi za ungo unaobeba watu usiku. Sikupata nafasi ya kueleza kitovu cha uzito. Jumapili, mke wangu alisikia maombi maalumu kwa ajili ya "jirani anayejiandaa kusafiri bila gari."

Mume wa jirani huyo alikuwa na hoja ya kisayansi zaidi. "Wewe umewahi kwenda Mbozi kukiona kimondo?" akaniuliza langoni. Nikamwambia nimekiona: chuma kitupu, urefu kama mita tatu, tani nyingi. "Basi. Kile kilishuka chenyewe. Vitu vya angani huku kwetu vinashuka. Nani amekwambia vinapanda?"

Nilitaka kumtajia Edward Makuka Nkoloso, yule mwalimu wa ng'ambo ya Tunduma, ambaye mwaka 1964 aliwafundisha vijana wa Zambia safari ya mwezini kwa kuwabingirisha mlimani ndani ya pipa. Nikaona mfano huo hautanisaidia.

Suala la injini lilipata jibu kwa fundi baiskeli wa Mwanjelwa, mtu ambaye hakucheka hata mara moja, na kwa hilo nitamheshimu daima. Alilipima bomba kwa macho. Kwa kuwa kibomba cha injini kiliganda katikati, nyuma palibaki nafasi tupu ya shubiri moja na zaidi. Akachukua chupa ya plastiki ya soda, akaizungushia karatasi, akaitumbukiza mdomo chini. Ikaingia kama imezaliwa humo. Kizibo akakichonga kutoka kwenye soli ya kandambili, akatoboa katikati, akapitisha vali ya tyubu ya baiskeli. Kanuni haina uchawi wowote, mama wa ndoo angesikiliza tu: unatia maji theluthi ya chupa, unapampu upepo, kizibo kikishindwa kuvumilia kinachomoka, maji yanafyatuka kwenda chini na chupa inasukumwa kwenda juu. Ni kazi ileile ya moto wa baruti, ila inalowesha.

Tarehe 23 Desemba tukapanda basi la Iringa. Ni zaidi ya kilomita 300, na roketi ya karibu mita moja yenye mapezi manne haina mahali pa kukaa ndani ya basi. Juu ilikataa, chini ya kiti ilikataa, nikaipakata. Konda alitaka kuitoza nusu nauli. Baada ya Makambako trafiki akapanda kukagua, akafika kwangu, akasimama.

"Hiki nini?"

"Roketi, afande."

Basi zima likanyamaza. Hata mtoto aliyelia tangu Uyole alinyamaza.

"Inakwenda wapi?"

"Iringa."

Akaitazama kuanzia pua hadi kandambili. "Sasa roketi gani inapanda basi?" Akashuka. Kicheko kile kilitufikisha Mafinga.

Kalenga tulipokelewa na mvua. Siku ya pili ya Krismasi mvua ilikatika kidogo, wazee wakajipanga chini ya mwembe na ulanzi wao, shemeji zangu wakaja, watoto wa mtaa mzima wakaja. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole nalenga upande gani. Nikamwambia juu. "Nauliza tu," akasema. "Hapa kwetu, tangu Mjerumani alipopiga mizinga boma la Mkwawa mwaka 1894, hatujarushiwa kitu." Akasogeza kigoda chake nyuma ya shina.

Nikachomeka ardhini nondo ya milimita sita, ile ya kufungia mbuzi, nikaivisha roketi. Mama mkwe alikuwa ameketi kibarazani, kanga mbili mpya, mikono mapajani. Mbele ya mama mkwe mwanaume hutembea kwa heshima, haongei sana, hakimbii. Mimi nilikuwa nimechuchumaa kwenye matope napampu baiskeli isiyokuwepo. Pampu ya kumi. Ya kumi na tano. Ya ishirini, mkono unatetemeka, kizibo kimetulia tu. Kandambili za zamani zilikuwa imara, nasema. Nikainama nione kuna nini.

Hapo ndipo kizibo kilipochoka.

Maji yote yalinipata kifuani na usoni, kwa hiyo mwanzo wa safari sikuuona. Nimesimuliwa. Wanasema ilipanda hadi usawa wa paa la bati, labda na kidogo, ikizunguka kama pia kwa sababu ya mapezi yaliyofuata mlango wa nyumba yangu. Pua ilitakiwa kuchomoka juu na kumwaga parachuti. Lakini kazi hiyo, kwenye roketi yenye injini, hufanywa na mlipuko mdogo wa mwisho, na mimi sikuwa na mlipuko, nilikuwa na matumaini. Isitoshe bomba lilikuwa limenyonya unyevu wa siku mbili likavimba, likaibana pua kama mtoto na pipi. Ilifika juu, ikafikiri, ikageuka, ikashuka na kujichomeka katikati ya kabichi kubwa kuliko zote kwenye bustani ya mama mkwe. Ikasimama humo wima, mapezi juu.

Wazee chini ya mwembe walipiga makofi. Walidhani ndiyo shabaha.

Najua historia kidogo, na nilijifariji nayo nikijifuta uso kwa kofia. Robert Goddard, Mmarekani aliyerusha roketi ya kwanza ya mafuta ya kimiminika, alifanya hivyo tarehe 16 Machi 1926 shambani kwa ndugu yake huko Auburn, Massachusetts. Ilipaa kwa sekunde mbili na nusu, ikafika mita 12 hivi, ikaanguka kwenye kabichi. Tumepishana urefu. Mboga ni ileile.

Shemeji akaing'oa. Pua ilipochomoka mkononi mwake, parachuti likatoka, likashika upepo, likafunguka pale chini zuri kabisa, jekundu, duara safi, likambeba kuku hatua mbili. Watoto walishangilia hilo kuliko kuruka kwenyewe.

Mimi nilikuwa namwangalia mama mkwe. Alishuka kibarazani, akapita kwenye bustani, akaitazama kabichi yenye tundu, hakusema kitu. Akaingia ndani. Nikamgeukia mke wangu, naye akayageukia mawingu. Mama akatoka na kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa, akaja mpaka niliposimama nikichuruzika maji, akakiweka miguuni pangu.

Ndani yake mlikuwa na maparachichi saba, makubwa, yameiva mpaka yameanza kuwa meusi.

"Mkwe wangu," akasema, "uliniambia mwenyewe kwamba bila haya haishuki vizuri. Wiki nzima nimeyafukia kwenye pumba yawe laini kama ulivyotaka. Sasa mbona umerusha bila kuniuliza?"