Friji, Sanduku na Kamba ya Katani

Nyumba tuliyopanga Mwanza ilikaa juu ya mawe, kama zilivyo nyumba nyingi za vilima vya mji ule, na gari halikuweza kuifikia. Kila kilichoingia ndani kilipanda ngazi kichwani au mgongoni. Siku ya kuhama ilibidi vyote vishuke hadi kwa vijana wa mkokoteni waliokuwa wakingoja chini, na manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu alfajiri.

Hadi saa nne vilibaki viwili: friji ya kilo 60, na sanduku la mbao la kilo 40 lenye vyombo vya udongo alivyotupa mama mkwe tulipooana. Mume wangu alilaza juu ya ngazi mbao mbili za mita 6, ncha moja ikiwa juu ya nyingine kwa mita 1.8. Chini ya friji tukatandika nailoni isije ikachubuka. Sanduku tukalivisha gunia.

"Sanduku litangulie," alisema shemeji. "Halitelezi, litaizuia friji. Kisha tuvifunge kamba, kimoja kisimkimbie mwenzake."

Tulikubali wote. Fundo la kamba ya katani nililikaza mimi.

Sanduku lilishuka kwa kusukumwa, likasimama lenyewe mita 2 kutoka juu. Kamba ilikuwa imenyooka baina yake na friji, na moyo wangu wote ulikuwa kwenye kamba hiyo. Mume wangu akaisogeza friji hadi kwenye mbao. Nailoni ilipogusa maji ikamponyoka mikononi, na papo hapo kamba ikalegea, ikalala. Nilimpigia shemeji kelele, kwa kuwa alikuwa amesimama chini ya sanduku. Aliruka pembeni. Sekunde moja na nusu hivi, friji ikalivaa sanduku, vyote viwili vikashuka pamoja hadi kwenye jiwe la ngazi ya mwisho. Mlio wa vile vyombo nausikia hadi leo.

Jioni ile hakuna aliyekuwa na maneno. Mama mkwe alipopigiwa simu aliuliza jambo moja tu: "Mtoto wangu ni mzima?" Tukamwambia ni mzima, akashukuru Mungu, hakuvitaja vyombo.

Aliyenifungua macho ni binti yetu wa kidato cha tatu. Jumamosi iliyofuata alichukua ubao wa mita 1, akaweka tofali juu ya kipande cha gunia, akainua ncha polepole huku nikishika rula. Tofali lilitulia hadi sentimita 57 ndipo likateleza. Akabadilisha, akaweka nailoni na maji. Safari hii liliondoka kwenye sentimita 10 tu. "Sasa mama, mbao zetu zilikuwa zinashuka sentimita 30 kila mita," aliniambia. Sikuhitaji hesabu zaidi. Gunia lingekaa, nailoni lazima iondoke, na kamba huvuta tu, haijui kusukuma. Friji ikiwa juu, kila inavyoshuka ndivyo inavyolikaribia sanduku na kuilegeza kamba.

Yeye hakuishia hapo. Aliandika kani zote daftarini. Uzito uliivuta friji kufuata mteremko kwa nyutoni 180, msuguano ukairudisha kwa 57 hivi. Zilizobaki zikaipa mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kila sekunde. Kisha akageuza mchoro: friji chini, sanduku juu. Hapo kamba ingekaza kwa nyutoni kama 120, mvuto wa ndoo yenye lita 12 za maji, na msuguano wa gunia ulikuwa na akiba ya zaidi ya 140. Vyote viwili vingesimama kimya juu ya mbao, kwa vitu vilevile na kamba ileile.

Nilifurahi mno aliponisimulia kwamba swali hili la mizigo iliyofungwa pamoja kwenye mteremko ni la zamani. Mwaka 1586 Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges, alichora mkufu wa mipira 14 uliozungushwa juu ya pembetatu, mipira minne upande mrefu ikilingana na miwili upande mfupi. Karibu miaka 100 kabla Newton hajachapisha sheria zake, mtu alikuwa amekaa na kufikiri kwa makini juu ya jambo tulilolikimbilia sisi asubuhi moja.

Friji bado inafanya kazi, ina bonde mlangoni. Vyombo vilivyosalimika ni sahani tisa na bakuli moja. Nawe unayehama kutoka nyumba ya mlimani, tafadhali: kinachoteleza kitangulie chini, kinachokwama kibaki juu kikishikilie, na asisimame mtu yeyote mbele ya mizigo.