Kumi Hadi Moja: Kwa Nini Paka wa Migori na Homa Bay Anahitaji Mlezi Wake Mwenyewe Ukisafiri

Nimependa paka tangu nijue kutambaa, na sasa mapenzi hayo yamekuwa kazi. Watu wa Migori, Awendo, Rongo na Homa Bay wakifunga safari, mimi hubaki na ufunguo, bakuli na nyau wao. Nikijitambulisha kwenye matatu huulizwa swali lile lile: "Dada, kwani paka naye hulindwa?" Hulindwa sana, na sababu zake ni kumi. Tutazihesabu kama paka anavyoshuka mtini: kinyumenyume, polepole, kwa makelele mengi.

10. Kwa sababu watu wa huku hawakai

Mwalimu anahamishwa. Muuguzi anaitwa kozini. Familia inapanda basi la usiku kwenda harusini Nairobi, na matanga nayo hayana ratiba. Mbuzi ana mchungaji, kuku ana jirani, lakini paka anaachiwa sahani ya ugali wa siku nne na baraka za Mungu. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Mwenye paka akiondoka, paka hutawala jiko la jirani, na kesi inafika kwa mzee wa kijiji kabla basi lako halijafika Narok.

9. Kwa sababu paka ni mwenye boma

Mbwa humfuata mtu, paka hushikamana na mahali. Mtie kwenye katoni, mpakie kwenye bodaboda kutoka Migori hadi kwa shangazi Homa Bay, na usiku wa kwanza atatafuta upenyo wa kurudi kwao. Ndiyo maana kwenye kazi hii mlezi ndiye anayesafiri, asubuhi na jioni, kumfuata paka pale pale kwenye kochi lake na harufu zake.

Usijidanganye kwamba ukuta utamzuia. Kule Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, wazee walipanga mawe bila saruji wakainua kuta nene zilizowapita watu kimo, kuwazuia wanyama wakali na wavamizi wa mifugo. Mwaka wa 2018 UNESCO iliziandika kwenye orodha ya urithi wa dunia. Paka angezipanda kabla uji haujapoa, kisha akae juu yake ajilambe.

8. Kwa sababu omena ina adabu yake

Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Kukikucha huanikwa juu ya nyavu kuukuu huko Mbita, Sindo, Karungu na Muhuru Bay, na paka wa ufuoni wanaijua ratiba hiyo kuliko wachuuzi. Mama anayeanika hukaa na kijiti mkononi. Paka hukaa hatua chache kando, ameangalia ziwani, kana kwamba amekuja kupunga upepo. Mama akigeuka kusalimiana na mtu, omena mmoja hana mwenyewe tena.

Jikoni mwa mteja, omena nitachemsha. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa hivyo kila siku mwishowe huanza kuyumba. Naondoa uchafu na mawe kwa vidole, nasuuza mara mbili, nachemsha kwa maji matupu. Chumvi hapana. Kitunguu hapana kabisa, maana kitunguu na kitunguu saumu huharibu damu ya paka. Supu simwagi: paka anahitaji taurini, iliyomo kwenye nyama na samaki, na taurini huyeyukia majini. Akiikosa kwa muda mrefu, macho na moyo huharibika. Ugali ni wa kusindikizia tu. Samahani, ugali, kwa watu bado wewe ndiye mfalme.

7. Kwa sababu panya hawaendi likizo

Dani yangu, yaani nyanya, alikuwa na ghala la mahindi na paka wa kijivu, na ukimuuliza kipi kinamlinda mwenzake alikuwa anacheka. Urafiki huo ni wa kale. Watu wa Mashariki ya Kati walipoanza kulima na kuhifadhi nafaka, miaka ipatayo 10,000 iliyopita, panya walikuja kula, na kimburu, paka wa mwituni ambaye bado anatembea kwenye mbuga za Kenya, akaja nyuma ya panya. Kisiwani Kupro wachimbuzi walimkuta mtu aliyezikwa na paka kando yake, kaburi la miaka kama 9,500. Kwa hiyo anayekushangaa ukimpangia paka wako mlezi, mwambie urafiki huu ulianza kabla ya piramidi.

Hatari iko kwenye sumu. Paka akimla panya aliyekula sumu, naye anaweza kufa. Kabla sijapokea ufunguo napita kwa majirani, nasalimu, nakaa kidogo, nauliza nani ameweka dawa ya panya na wapi. Chai nikipewa, nakunywa. Usalama wa paka huanzia kwa jirani.

6. Kwa sababu urafiki una salamu zake

Usimrukie paka mgeni ukimwita "kipenzi". Kaa chini. Tazama pembeni. Nyoosha kidole kimoja usawa wa pua yake, akinuse kwanza. Akikutazama, funga macho polepole, fungua polepole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha mwaka wa 2020 kwamba paka hujibu salamu hiyo, tena humkaribia zaidi mgeni aliyeitoa. Mkazi wa Homa Bay husalimia kabla ya kusema shida yake, na paka wa Homa Bay amelelewa vivyo hivyo.

5. Kwa sababu kabati la dawa si lake

Watu wema wameua paka wao kwa huruma. Parasetamo, dawa tunayoitafuna sisi kichwa kikigonga, ni sumu kwa paka: ini lake halina uwezo wa kuivunja, na hata kidonge kimoja kinaweza kumwondoa. Permethrini, iliyo kwenye dawa nyingi za viroboto wa mbwa na baadhi ya dawa za kupe, humtia paka mtetemeko na degedege. Siku ng'ombe wanaponyunyiziwa dawa, paka abaki ndani mpaka migongo ikauke. Na yule shemeji mwenye dawa ya kila ugonjwa, mwambie kwa upole apige simu kwa daktari wa mifugo kwanza.

4. Kwa sababu kichaa cha mbwa hakibagui

Mwaka wa 2014 Kenya ilianza mkakati wa kutokomeza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Jina linamtaja mbwa, lakini paka pia huambukizwa na huambukiza. Kwangu, bila kadi ya chanjo hakuna kazi, hata mteja akiwa binamu. Na paka akimuuma au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha moja kwa moja hospitalini.

Ukiwa kwa daktari kuhusu chanjo, uliza pia kuhusu kufunga uzazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, na mimba huchukua wiki tisa tu. Ukisafiri kwa muda mrefu ukiacha mmoja, usishangae kukaribishwa na ukoo.

3. Kwa sababu Katiba imetukumbuka

Wanaosema hii si kazi, wafungue Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Miongoni mwa majukumu ya kaunti kuna udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwamo leseni za mbwa na mahali pa kuwapa wanyama malazi, matunzo na maziko. Malazi na matunzo! Mbwa ametajwa kwa jina, paka hakutajwa, na sote tunajua kwamba asingejaza fomu. Mwaka wa 2024 kaunti ya Nairobi ilipoleta pendekezo la leseni ya paka ya shilingi 200 kwa mwaka, wenye paka walipiga kelele nchi nzima ikasikia. Mimi nilifurahi jambo moja: mezani pa wakubwa, paka alikuwa ajenda. Kijana wa Migori anayetafuta biashara na aione hii kwa heshima, achukue kibali chake cha kaunti, aweke daftari, alipwe kwa M-Pesa kila ziara pamoja na nauli ya boda.

2. Kwa sababu paka huficha ugonjwa

Hii ndiyo sababu ninayoisema bila mzaha. Paka akiumwa hujibanza chini ya kitanda na kunyamaza. Asiyekula kwa siku mbili tatu, hasa mnene, mafuta hujazana kwenye ini, na hapo maisha yake yako hatarini. Dume anayechuchumaa mchangani mara kwa mara bila kutoa mkojo anaweza kufa ndani ya siku chache. Sahani ya siku nne haitakuambia haya. Mlezi atakuambia, kwa sababu kila anapoingia huangalia vitu vitatu kabla ya kukaa: bakuli limepungua kiasi gani, mchangani kuna nini, na paka mwenyewe yuko wapi.

1. Kwa sababu paka anahitaji mtu anayefika

Mwalimu mmoja wa Rongo alinipigia akiwa mbali. "Dada, huyo ananikumbuka kweli?"

"Mwalimu, amelalia sweta yako tangu asubuhi. Nimejaribu kuikunja, amenikatalia."

Akacheka mpaka simu ikakatika.

Paka wa nyumba haingwa, wasemavyo Waswahili, na mimi naongeza kwamba hasahauliwi pia. Tangu utotoni nimewajua wengi wanaopenda paka kwa maneno. Paka mwenyewe hupima kwa saa: saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, mvua ikinyesha au barabara ikiwa vumbi tupu, mtu afike, aite jina lake, abadilishe maji, akae naye kidogo. Kwa hiyo siku unapofunga begi, mfungashie na yeye: ufunguo wa pili, kadi ya chanjo, nambari ya daktari wa mifugo, na nguo moja uliyoivaa ambayo hujaifua. Yaliyobaki niachie mimi.