Shada la Mlangoni

Video ilisema ni kazi ya dakika kumi na tano. Mwanamke aliyevaa suruali nyeupe, na kopo la rangi nyekundu likiwa wazi mbele yake, alichukua duara la waya, akalizungushia utepe, akabandika nyota, akatabasamu. Hakuna kilichomwagika. Hakuna aliyemwita kutoka jikoni kuuliza chumvi iko wapi. Binti yangu aliizima, kisha akatoa hoja kwa sauti ya mwenyekiti wa kikao cha ukoo: "Mama, mtaa mzima ni sisi tu hatuna."

Ilikuwa kweli. Tunaishi Maryland, si mbali na Washington, na huku ikifika Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku wanayowakumbuka askari wao waliokufa vitani, milango huanza kuota mashada mekundu, meupe na ya buluu. Hukaa hapo mpaka Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ambayo ni sikukuu yao ya wafanyakazi. Kilele ni 4 Julai. John Adams, aliyekuja kuwa Rais wa pili, alimwandikia mkewe 3 Julai 1776 akitabiri kwamba uhuru utasherehekewa kila mwaka kwa gwaride, michezo, mizinga, kengele na mioto. Tarehe aliikosa, maana yeye aliipigia hesabu 2 Julai, lakini orodha yake ilikuwa nzuri. Shada la mlangoni hakulitaja. Laiti wangeishia kwenye orodha hiyo.

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Machame. Alipoelezwa mpango alinyamaza, akamaliza chai yake, akauliza: "Nani amefariki?"

"Hakuna, mama. Ni pambo."

"Shada ni la kaburini, mwanangu."

Hoja yake ina uzito. Kwetu Tanzania shada lina mahali pake. Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao mnarani, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na shada la maua huwekwa na kiongozi wa mabalozi. Na kijijini kwetu hakuna maziko yanayokamilika kabla msema chochote hajawaita wakwe, wajomba, wafanyakazi wenzake marehemu na kikundi cha kuweka na kukopa, kila mmoja na shada lake. Hata Wamarekani wenyewe, siku ile ile ya Mei, huweka shada kwenye Kaburi la Askari Asiyejulikana pale Arlington. Halafu wanarudi nyumbani, wanatundika lingine mlangoni, wanawasha jiko la kuchomea nyama.

Mama akapendekeza kwamba kama ni lazima mlango uwe na kitu, basi tutafute isale, lile jani ambalo Mchagga akikujia nalo unajua amekuja kuomba msamaha. Binti yangu akauliza tunamwomba nani msamaha.

"Majirani," mama akajibu, "kwa hicho mnachotaka kutundika."

Tukaenda dukani, kwenye duka la vifaa vya kazi za mikono, kubwa kiasi cha kumpoteza mtu mzima. Mama alisimama mbele ya rafu ya gunia. Gunia lenyewe, la juti, la aina ile ile inayobeba kahawa, lilikuwa limekatwa utepe wa upana wa kiganja, likaviringishwa vizuri, likatiwa bei kwa dola. Mama, ambaye ujana wake wote amehangaika na magunia mpaka ghala la ushirika, alilishika, akalinusa. "Hili halijawahi kubeba kitu," akasema. Kisha akataka kujua kama wenye duka wananunua kwa jumla.

Rafu iliyofuata ilikuwa ya vibanio vya nguo. Mtaani kwetu hakuna anayeanika nguo nje, lakini vibanio vya mbao vinauzwa kwa pakiti, kwa sababu njia rahisi kuliko zote ya kutengeneza shada hili ni kuvipaka rangi na kuvibana kuzunguka duara la waya.

"Na nguo wanaanika wapi?"

"Wanakausha kwa mashine, mama."

"Kwa hiyo kibanio hakibani nguo, na gunia halibebi kahawa." Akatikisa kichwa, akachagua pakiti ya nyota za mbao, kwa madai kwamba hizo angalau hazijaachishwa kazi.

Yule mwanamke wa suruali nyeupe hakusema lolote kuhusu kukausha. Kibanio kina pande mbili na waya wa kati, na rangi ikigusa waya, kinakuwa kijiti. Kinachonusurika hulazwa juu ya gazeti, na gazeti hukishika. Shada letu, ukilisogelea, lina maneno ya tangazo la punguzo la bei ya mapaja ya kuku. Halafu kuna gundi ya moto, inayotolewa kwa bastola yake. Nilimpigia simu mume wangu alete bastola iliyoko gereji, na mama akainuka kitini akatoka chumbani bila kuuliza, maana habari za Marekani alizisikia kabla hajapanda ndege. Gundi hiyo ina hesabu zake: hukaa na moto wa kutosha kuunguza kidole, halafu hupoa kabla haijashika kile ulichotaka kishikwe.

Ugomvi mkubwa ulitokea kwenye bendera. Binti yangu alinunua kibendera cha kijiti akiwa na nia ya kukikata kiwe utepe. Alikuwa ameshaweka mkasi pale jirani yetu, mzee mstaafu wa jeshi, alipopita na mbwa wake akasimama. Hakufoka. Alitupa darasa. Ipo kanuni ya bendera, akasema, Bunge lao liliipitisha 1942: bendera haigeuzwi pambo. Ukitaka kupamba, tumia kitambaa chenye rangi zile, na buluu iwe juu. Tulimsikiliza kwa adabu, maana na sisi tumelelewa kusimama wima bendera inaposhushwa jioni, hata kama umebeba ndoo ya maji. Mkasi ukarudi kwenye droo, tukanunua leso za rangi tatu tukazichana. Wiki ile ile mzee alitualika kwake kula soseji, akatugawia karatasi za kufutia midomo zilizochapwa bendera, jambo ambalo kanuni hiyo hiyo inalikataza waziwazi. Nilitafuta kona isiyokuwa na nyota, nikajifuta hapo.

Shada likatundikwa. Milango yetu ni miwili: wa mbao, na mbele yake wa kioo. Tulidhani katikati ya milango ndipo salama, mvua haifiki. Lakini jua la Juni likipiga kioo, nafasi ile huwa oveni, na gundi ya moto ikipata moto hukumbuka ilikotoka. Bendera ya Marekani ina nyota 50 tangu 4 Julai 1960, baada ya Hawaii kujiunga. Sisi tulikuwa tumebandika 13, kwa heshima ya makoloni ya mwanzo, na kwa sababu pakiti iliishia hapo. Kufika alasiri majimbo kadhaa yalikuwa yamejitenga. Georgia, kwa makadirio yangu, ilinasa kwenye kitasa. Mume wangu akaung'oa mlango wa kioo kwenye bawaba, akaupeleka gereji, nami nikazishona nyota kwa uzi. Uamuzi huo ndio uliompa nafasi mpangaji.

Lakini kabla ya mpangaji, picha. Binti yangu alimpiga bibi yake picha mbele ya mlango. Mama ni wa kizazi kisichocheka mbele ya kamera. Picha kwao ni kumbukumbu, si mzaha. Alikuwa amejifunga khanga, ametupia begani shali nyeusi kwa ajili ya kiyoyozi, na mikono ameikutanisha tumboni. Nyuma yake, shada. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa huku, bila maneno, nikaingia zamu. Kazini kwangu simu hukaa kabatini.

Nilipotoka, kundi lilikuwa limefika mbali. Wa kwanza aliandika "Poleni sana." Wa pili, "Mungu awatie nguvu." Wa tatu alitaka kujua ni nani, na wa nne akamkemea kwamba huu si wakati wa maswali. Katibu alikuwa ameitisha kikao cha mtandaoni saa mbili usiku. Mweka hazina, mtu ambaye hata parapanda ikilia atauliza kwanza nani hajalipa, alikuwa ameshafungua orodha yenye namba, na majina mengi yalikuwa na tiki. Kuna aliyeulizia kama mwili utasafirishwa. Kuna aliyekuwa ameshamsifu marehemu, bila kumtaja, kwamba alikuwa mtu wa watu.

Nikaandika kwamba hakuna msiba, ni pambo la sikukuu ya huku. Kundi likakaa kimya kwa muda ambao sikuupenda. Kisha mweka hazina akajibu kwamba rambirambi hairudishwi. Fedha zikishapokelewa kwa jina la familia ni za familia. Nikamwambia familia haijafiwa. Akasema hilo ni suala la ndani la familia, chama hakiwezi kuliingilia. Kikao cha saa mbili kikafanyika hivyo hivyo, kwa kuwa kilishaitishwa, na kikaazimia kwamba fedha zinunue mbuzi, na wote waliochangia waje kumla kwetu 4 Julai.

Sasa mpangaji. Ni ndege mdogo wa kahawia wa jamii ya chiriku. Dume lake lina kichwa na kifua chekundu. Asubuhi moja tulikuta vijiti juu ya shada, na siku chache baadaye mayai, yale ya buluu hafifu yenye madoa. Nilipotaka kukisogeza kiota, yule mzee mstaafu, ambaye sasa nilianza kuamini hana kazi nyingine, akanijulisha sheria ya pili. Hii ni ya 1918, ya kulinda ndege wahamaji, na inamlinda huyu ingawa hana mpango wa kuhamia popote: kiota kikishakuwa na mayai, mtu hana ruhusa ya kukiondoa.

Historia ya ndege mwenyewe ndiyo iliyomuumiza mume wangu. Asili yake si upande huu wa Marekani, ni magharibi. Mnamo 1940 hivi, wafanyabiashara wa New York walikuwa wakiwauza kimagendo kama ndege wa kufuga, wakiwapamba kwa jina la Hollywood. Serikali ilipowabana kwa sheria hiyo hiyo, wakafungua vizimba. Uzao wao leo umeenea mashariki yote. Mume wangu, aliyesubiri kadi yake ya ukaazi miaka mingi na kupigwa alama za vidole mpaka zikachakaa, alimtazama yule ndege kwa muda mrefu. "Kaingia bila karatasi hata moja," akasema, "na serikali kuu inamlindia nyumba. Nyumba yangu."

Binti yangu yeye aliona mambo kwa upande wa ufundi. Dume jekundu, mayai ya buluu, na kile cheupe kilichokuwa kikishuka mlangoni kila siku. "Mama," akasema, "rangi zimetimia."

Mayai huatamiwa karibu wiki mbili, na makinda hukaa kiotani muda kama huo kabla ya kuruka. Mlango wa mbele ukafungwa. Mume wangu alisahau mara moja, akaufungua, na ndege akaingia sebuleni. Mama akamtoa kwa ufagio na kwa Kichagga, na yule ndege akatii, jambo ambalo wajukuu zake hawajawahi kufanya. Tangu siku hiyo tukawa tunaingilia gereji.

Siku ya 4 Julai wachangiaji walifika na hamu ya mtu anayekula fedha yake mwenyewe. Tulifunga kamba mbele ya mlango, nao wakasimama nyuma ya kamba mmoja mmoja, wakilitazama kwa mbali shada lililowagharimu, kisha wakaongozwa kuzunguka nyumba, wakapita kwenye mashine ya kukatia majani, makopo ya rangi na mlango wa kioo, mpaka uani. Mbuzi alikuwa ameiva. Jirani mstaafu alikuja na karatasi zake. Mtu mmoja alikuwa anachoma ndizi, mwingine anamfundisha kuchoma ndizi.

Ndipo lilipofika gari la mzee mmoja kutoka Pennsylvania, mtu wa heshima, ambaye katika kundi husoma ujumbe wa kwanza tu. Alishuka na suti nyeusi katika joto la nyuzi 35, mkewe nyuma yake amejitanda. Mkononi alikuwa na shada halisi. Maduka ya maua wiki ile yalikuwa na rangi za aina moja, kwa hiyo lilikuwa la waridi jekundu, maua meupe, na mengine yaliyotiwa buluu, na utepe wa kuomboleza umepita katikati. Muziki ukazimwa. Mzee akamshika mama mikono yote miwili, akampa pole, na mama akaipokea mpaka mwisho, kwa kuwa pole nayo hairudishwi.

Binti yangu alinivuta gauni. "Mama, hili ndilo la kwenye video."

Mama alikuwa ameshalipokea. Akalipima kwa macho, akaligeuza, akakuta lina ndoano nyuma.

"Karibu sana, baba," akamwambia mzee. "Vua koti, nyama ipo. Na hili nitundikie pale gereji, wageni wanaingilia huko."